Panini, panino, toast: sandwichi ya moto ya Waitaliano inaitwaje hasa?

Mtu anayefika Torino au Milano kwa mara ya kwanza, akaingia baa ya mtaani na kuagiza toast, mara nyingi huwa anawaza slesi mbili za mkate uliochomwa na siagi kidogo, basi. Kinacholetwa ni kingine. Ni slesi mbili zilizofunikana, katikati jibini iliyoyeyuka na nyama ya paja la nguruwe iliyopikwa na kukatwa nyembamba kama karatasi. Hakuna aliyekosea kumhudumia. Kwa Mwitaliano toast ndiyo hiyo, na kama mgeni ni Mwislamu, ni muhimu alijue jambo hili kabla ya kuagiza, si baada ya kung'ata.

Mtu huyohuyo siku nyingine yuko Nairobi. Kwenye menyu ya mkahawa anaona neno panini, na chini yake maelezo: mkate uliobanwa kwenye mashine ya moto mpaka ukapata mistari ya kahawia, ndani kuku na jibini. Anaondoka akiamini kwamba panini ni jina la Kiitaliano la sandwichi iliyochomwa. Akirudi Milano akaagiza "panini", mhudumu atabaki anasubiri amalizie: ngapi, na za nini? Maana pale kaunta zipo aina kumi au zaidi, na karibu zote ni za baridi.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni kimoja. Nje ya Italia jina limefuata moto na mashine. Ndani ya Italia jina hufuata mkate: umbo lake, unga wake, na mji uliouzaa. Ukilishika hilo, majina mengi yanaeleweka bila taabu, na hata yale machache yanayokwenda kinyume utajua yanakwenda kinyume kwa nini.

Panino kwa wenyewe

Pane ni mkate. Kiambishi -ino hupunguza ukubwa, kwa hiyo panino ni kimkate, na vikiwa vingi ni panini. Ukienda kwa mwokaji wa Bologna ukamwomba panini nne, atakutilia kwenye mfuko wa karatasi mikate minne midogo, mitupu, ya kwenda kula nyumbani na mchuzi. Neno hilohilo ukilitaja baa, linamaanisha mkate mdogo uliopasuliwa na kutiwa kitu ndani.

Baa ya Italia, kwa asiyeizoea, ni mahali pa kahawa kwanza. Asubuhi watu husimama kaunta na kikombe kidogo cha kahawa na andazi la kukunjwa, mchana hula sandwichi, jioni ndipo glasi za kileo hutoka kwa wingi. Ndani ya kabati la kioo hupangwa sandwichi zilizotengenezwa tangu asubuhi, kila moja imepasuliwa na kujazwa, kingo za nyama na jibini zikichungulia ili mteja aone kilichomo. Hizo ndizo panini. Nyingi hazijagusa moto tangu mkate ulipotoka kwenye tanuri. Mteja akichagua moja, mhudumu humwuliza, "Lo scaldo?", yaani, niipashe? Akikubali, inawekwa kwenye piastra, bamba la chuma la moto lenye kifuniko kizito cha chuma kingine juu yake, inabanwa dakika chache, inatoka. Akikataa, anaila kama ilivyo. Kwa vyovyote vile anakula panino. Moto ni hiari ya mteja na haubadilishi jina.

Wakitaka kuutaja moto wanao msamiati wake. Watasema panino caldo, yaani panino ya moto, au panino alla piastra, iliyopita kwenye chuma. Lakini hayo ni maelezo yanayobandikwa nyuma ya jina, kama sisi tunavyosema mahindi ya kuchoma. Mahindi yanabaki mahindi.

Jinsi wingi ulivyogeuka umoja

Duka linalouza sandwichi haliuzi moja, kwa hiyo kibaoni huandikwa PANINI. Wageni walilisoma neno pale kibaoni na kulichukua lilivyo. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 mikahawa ya mtindo wa Kiitaliano ilipoenea Marekani na Uingereza, kitu kilichoonekana kigeni na cha kuvutia pale kaunta kilikuwa ile mashine yenye mabamba mawili ya chuma, na neno likanasa kwenye mashine. Sandwichi ya baridi ikabaki sandwichi. Iliyobanwa na kuchomwa ikawa panini. Leo msemaji wa Kiingereza anasema panini moja na paninis mbili, na kamusi zao zimeridhia.

Wafaransa nao wamekwenda njia hiyohiyo. Kwao panini ni mkate mrefu mweupe uliookwa nusu tu kiwandani, ambao hujazwa jibini, jodari au kuku, kisha humalizikia kuiva kwenye chuma cha moto mbele ya mteja. Ni chakula cha wanafunzi na cha vibanda vya karibu na stesheni, na wapo wanaoipaka Nutella ndani na kuila kama kitu kitamu cha baada ya mlo. Mwitaliano akiiona hatasema ni panino mbaya. Atasema ni kitu kingine.

Wapo Waitaliano wanaoumia sana wakisikia "panini moja". Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Neno likihama nyumba hufuata sheria za nyumba mpya, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua hilo kuliko wengi. Malaika kwa Kiarabu ni wingi. Sisi tunaye malaika mmoja na wengine elfu. Chipsi imetoka na wingi wake kutoka Kiingereza, na tunaagiza chipsi moja bila kusita. Magazeti ya Dar es Salaam yamekuwa yakiandika "paparazi wetu" kwa miaka, ilhali paparazzi kwa Kiitaliano ni kundi. Salami, ravioli, spageti, yote ni wingi kwao. Kwa Kiswahili panini inakaa vizuri kabisa katika ngeli ya i-zi: panini hii, panini hizi, panini moja, panini mbili. Mhudumu wa mkahawa wa Mikocheni anayeandika hivyo hana kosa la kusahihishwa. Tatizo la kweli ni pale mtu anapodhani neno hilo litamletea kitu kilekile akivuka bahari.

Na kwa wapenzi wa soka wanaojiuliza: stika za wachezaji za Panini hazihusiani na mkate. Hilo ni jina la ukoo wa ndugu wa Modena walioanzisha kampuni yao mwaka 1961. Modena yenyewe tutarudi huko, kwa sababu ina fumbo lake la majina.

Toast, mkopo uliokwenda upande wa pili

Wakati Waingereza wanachukua panini na kuibadilisha maana, Waitaliano walikuwa wameshachukua neno la Kiingereza na kulifanyia vilevile. Toast, ambayo wao huitamka "tost", si slesi iliyochomwa. Ni sandwichi nzima. Na kwa kuwa Kiitaliano hakibadilishi mwisho wa maneno ya kigeni yakiwa mengi, ni un toast, due toast.

Mkate wake ni pancarrè, mkate wa slesi wa pembe nne, mweupe na laini. Ndani hutiwa prosciutto cotto, ile nyama ya paja la nguruwe iliyopikwa, na jibini inayoyeyuka upesi: fontina kwa anayejali, au zile slesi za jibini za kiwandani kwa asiyejali. Nje haipakwi siagi, na hapo ndipo inapotofautiana na ndugu zake wengi wa Ulaya na Marekani. Kwenye baa za zamani haibanwi kwenye piastra. Huwekwa kati ya koleo la nyaya lenye mpini, koleo likashushwa wima ndani ya tosta yenye mdomo mpana, na nyaya za moto zikaichoma pande zote mbili kwa pamoja. Inatoka kavu, ya dhahabu, ikilia ukiikata kwa mshazari. Huletwa imeviringishwa kitambaa cha karatasi ili isikuunguze vidole. Kwa maoni yangu ni moja ya vyakula bora kabisa vya bei ya chini nchini Italia, na inasikitisha kwamba wageni huipita wakitafuta "panini halisi", wakati kitu wanachokitafuta kimelala kwenye menyu kwa jina la Kiingereza.

Historia yake imefungamana na jina jingine. Katika mji wa Torino, kwenye uwanja wa Piazza Castello, upo mkahawa mdogo uitwao Caffè Mulassano, wenye meza chache na kuta za mbao na vioo. Katika miaka ya 1920 uliendeshwa na mume na mke waliokuwa wamerejea kutoka Marekani, Onorino Nebiolo na Angela Demichelis Nebiolo. Walirudi na mashine ya kuchomea mkate, wakaanza kuwauzia watu wa Torino toast. Mwaka 1926 Angela akajaribu kuuza mkate uleule bila kuuchoma: laini, umekatwa ganda pande zote, umejazwa, umegawanywa pembe tatu. Mkahawani kuna kibao kinachomtaja kuwa ndiye mbunifu. Mshairi Gabriele D'Annunzio, mtu aliyependa kuwatungia Waitaliano maneno mapya, ndiye anayesemwa kuipa jina la tramezzino, kutoka neno lenye maana ya kilicho katikati, ili neno sandwich lisihitajike tena.

Tazama sasa ilivyo. Mkate ni uleule, vinavyotiwa ndani vinaweza kuwa vilevile, lakini ukipita motoni ni toast na usipopita ni tramezzino. Hapa moto umeamua jina, kinyume na nilivyosema mwanzoni. Na ni jambo la kuangalia kwamba pale ambapo moto uliamua jina, jina lenyewe walilikopa ugenini. Tramezzino imeenea Italia nzima, na watu wa Venezia wameifanya yao: wao hurundika kitoweo katikati mpaka pembe tatu inavimba mgongo, na huifunika kwa kitambaa chenye unyevu ili mkate usikauke. Ukimwomba mhudumu wa Venezia akubanie tramezzino kwenye piastra, atakutazama kwa huruma.

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, kanuni ni hii: toast ikiandikwa bila maelezo, ina nguruwe. Prosciutto iwe cotto au crudo ni nguruwe. Mortadella, speck, pancetta, porchetta, zote nguruwe. Bresaola, ambayo asili yake ni bonde la Valtellina kaskazini, ni ya ng'ombe, ingawa uchinjaji wake ni suala la kuuliza. Kisicho na wasiwasi wa nyama ni tonno, yaani jodari, verdure grigliate, yaani mboga za kuchoma, na caprese, ambayo ni mozzarella, nyanya na rehani. Omba "senza prosciutto", uone kwa macho yako inavyotengenezwa, na uombe piastra ipanguswe kwanza, maana chuma hicho kimepitiwa na kila kitu tangu asubuhi.

Kila mji na mkate wake

Ukitoka kwenye baa za miji mikubwa ndipo utaona jinsi mkate unavyotawala majina. Romagna, ukanda wa Ravenna, Forlì na Rimini, hawali panino mchana, wanakula piadina. Ni mkate bapa usio na hamira, wa unga, maji, chumvi na mafuta, unaochomwa juu ya bamba la moto, na Mswahili akiuona kwa mara ya kwanza atasema ni chapati isiyokunjwa tabaka. Rimini huifanya nyembamba na pana, Ravenna na Forlì huifanya nene na ndogo, na watu wa pande hizo hawataniani katika suala hilo. Umoja wa Ulaya uliipa ulinzi wa jina mwaka 2014. Hukunjwa juu ya prosciutto, majani ya rucola na squacquerone, jibini laini inayokaribia kumwagika. Ukiijaza ikiwa mbichi, ukaikunja na kuziba kingo kisha ndipo ukaichoma, si piadina tena bali ni crescione, na miji mingine ya hukohuko huiita cassone. Tahadhari nyingine ni hapa: mafuta ya asili ya piadina ni ya nguruwe. Zipo zinazotengenezwa kwa mafuta ya zeituni, na huuzwa kwa jina la piadina all'olio.

Sasa Modena. Kwenye milima iliyo juu ya mji huo kuna vimkate vya duara, vidogo vya kuenea kiganjani, vinavyopasuliwa vikiwa vya moto na kupakwa mafuta ya nguruwe yaliyotwangwa na kitunguu saumu na rosmarino. Migahawa yote ya Italia huviita tigelle. Lakini kwa asili tigella ni kigae. Wapishi wa zamani walipasha vigae vya udongo kwenye moto wa kuni, wakapanga kigae, jani la mti wa chestnut, ambao wao huuita castagno, donge la unga, jani, kigae tena, mpaka mnara ukasimama karibu na makaa, na joto la vigae likaoka kila kitu. Vigae vilichongwa maua au nyota, na alama zake zikabaki kwenye mkate. Mkate wenyewe jina lake ni crescentina. Vigae vilipopotea, nafasi yake ikachukuliwa na vikaango vya chuma vyenye bawaba, jina la kigae likahamia kwenye mkate. Wazee wa milimani bado wanashikilia crescentina, na wana haki. Ila ukishuka Bologna, mwendo wa nusu saa kwa treni, ukaomba crescentina, utapewa kipande cha unga kilichokaangwa katika mafuta mengi na kuvimba. Kitu ambacho Modena wanakiita gnocco fritto na Parma wanakiita torta fritta. Majina manne kwa vyakula viwili, ndani ya ukanda ambao gari linauvuka kwa saa moja na kidogo.

Firenze wana schiacciata, mkate bapa uliobonyezwabonyezwa kwa vidole kabla ya kuokwa na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Jina lake lina maana ya kilichobonyezwa, na wageni wengi hudhani ni sandwichi iliyobanwa kwenye mashine, kumbe kilichobonyezwa ni unga mbichi. Firenze hiyohiyo wana panino ya lampredotto: tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa taratibu kwenye supu ya mboga, likakatwakatwa na kutiwa chumvi, pilipili na mchuzi wa kijani wa parsley. Kifuniko cha mkate huchovywa kwenye supu kabla ya kufungwa. Hiyo ni sandwichi ya moto isiyojua mashine kabisa, na inaitwa panino kwa sababu mkate wake ni panino. Gragnano, karibu na Napoli, wana panuozzo, unga wa piza ulionyooshwa kama mkate mrefu, ukaokwa, ukapasuliwa na kujazwa, kisha ukarudishwa tanurini. Hapo moto ni wa mara mbili, na bado jina halisemi neno lolote kuhusu moto.

Na ciabatta? Huu ndio mkate ambao watu wengi nje ya Italia wanauona wakisikia panini: mrefu, bapa, wenye matundu makubwa ndani. Unadhaniwa kuwa wa kale. Ulibuniwa mwaka 1982 na Arnaldo Cavallari, mwenye kinu cha unga huko Adria, katika jimbo la Veneto, mtu aliyewahi kuwa dereva wa mbio za magari. Mikate mirefu ya Kifaransa ilikuwa imeanza kuwanyang'anya waokaji wa Italia wateja wao wa sandwichi, na yeye akatafuta jibu: unga wenye maji mengi, uliochachuka muda mrefu, usiofinyangwa sana. Ukitandazwa unajilalia kama sapatu iliyochakaa, na ciabatta maana yake ni hiyo hiyo sapatu. Miaka michache baadaye ulikuwa madukani Uingereza. Kwa hiyo panini kama dunia inavyoijua, ciabatta iliyobanwa ikapata mistari, haina hata nusu karne.

Miaka ileile ya 1980 ndipo panino ilipopata umaarufu mwingine. Kundi la vijana wa Milano lilikuwa likikutana kwenye baa iitwayo Al Panino, na jiji likawaita paninari. Walivaa majaketi ya Moncler na viatu vya Timberland, wakapanda pikipiki, baadaye wakahamia Piazza San Babila kwenye mgahawa wa hambaga. Chakula chenyewe walikiacha nyuma upesi, lakini jina waliondoka nalo.

Chuma hufanya nini hasa

Nimesema Mwitaliano hautilii moto maanani katika jina. Katika upishi anautilia sana. Mkate ukigusa chuma cha moto, maji ya juu yake huvukizwa kwanza, na joto likipita kiasi cha nyuzi 140 za Selsiasi, sukari na protini za unga huanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia na ile harufu inayomwita mtu kutoka barabarani. Uzito wa bamba la juu una kazi yake: unasukuma hewa itoke, unakutanisha uso wote wa mkate na chuma, joto linafika katikati kabla nje hakujaungua. Ndiyo maana kubana kupita kiasi kunaharibu. Mkate ukishageuka kama ubao, jibini ikatoroka pembeni na kuungulia kwenye chuma, mpishi amebana kwa nguvu badala ya kungoja.

Si kila mkate unafaa. Michetta ya Milano, yenye ganda jepesi na shimo tupu ndani, inasagika. Ciabatta inafaa kwa sababu matundu yake yanakubali kulala na ganda lake lina nguvu. Focaccia, mkate bapa wa tanuri, inafaa kwa sababu ina mafuta yake yenyewe. Jibini nazo zina tabia: fontina, provola na scamorza huyeyuka na kuvutika, mozzarella mbichi hutoa maji na kuulowesha mkate usipoichuja, parmigiano iliyokomaa haiyeyuki vizuri, hukauka na kugeuka punje. Prosciutto crudo ikipashwa huzidi chumvi na kuwa kamba, kwa hiyo mhudumu mzuri hupasha mkate na jibini kwanza, halafu akafungua, akaweka nyama na majani ya rucola, akafunga. Ukiona rucola imenyauka na kuwa nyeusi ndani ya panini yako, ujue kila kitu kilipigwa moto pamoja.

Malindi, Ghuba, na jikoni kwako

Pwani yetu ina sehemu moja ambako neno panino linasikika likitumiwa na wenyewe. Malindi na Watamu zina Waitaliano wengi, na mizizi yao inakwenda mpaka mradi wa San Marco wa Profesa Luigi Broglio, uliorusha setilaiti kutoka baharini mbele ya Ngomeni tarehe 26 Aprili 1967. Wahandisi walileta familia, familia zikaleta marafiki, marafiki wakajenga hoteli na migahawa. Vijana wengi wa Malindi wanaongea Kiitaliano cha kufanyia biashara, na hao hawahitaji kuelezwa tofauti ya panino na panini. Oman na nchi za Ghuba hali ni nyingine: huko neno limefika kupitia Kiingereza, pamoja na mashine, na mortadella inayotiwa ndani hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au kuku. Aliyeizoea hiyo Muscat asidhani ya Bologna ni ileile.

Nyumbani huhitaji mashine. Tafuta kikaango kizito na sufuria ndogo yenye maji ndani ya kutumia kama uzito. Ukiwa na mkate wa slesi unatengeneza toast. Ukiwa na boflo uliyoipasua unatengeneza panino alla piastra. Washa moto wa wastani, usipake siagi nje, weka jibini upande wa chini na upande wa juu ili iushike mkate wote wawili, na katikati kuku wa jana aliyechambuliwa, au jodari aliyekamuliwa mafuta, au biringanya zilizochomwa. Nyanya ikate nyembamba, toa mbegu, iache kwenye kitambaa dakika tano inyonywe maji. Weka sufuria juu, subiri dakika tatu hivi, geuza, rudisha uzito, subiri tena. Kama mkate umepata rangi na jibini bado ni ngumu, punguza moto na funika; usiongeze. Majani mabichi yatie mwisho kabisa, mkate ukiwa umeshatoka. Kisha iache ikae dakika moja kwenye waya au ubao, si kwenye sahani, kwa sababu kwenye sahani mvuke hunaswa chini na upande ule ulioupigania uwe mkavu unalowa.